Tofauti ya "must" na "have to" katika kukanusha

Swali: Ndugu zangu, "must" na "have to" zote hutafsiriwa kuwa "lazima", je, zikikanushwa hubaki na maana moja?

Jibu la kwanza: Hapana, na hapo ndipo wengi hujikwaa, kwa sababu "you mustn't go" ni katazo, yaani usiende, ilhali "you don't have to go" huondoa ulazima tu, yaani si lazima uende, ingawa ukipenda unaweza kwenda.

Jibu la pili: Kwa ulazima uliopita hutumika "had to", kwani "he must have gone" ni kukisia: bila shaka amekwenda.

Muulizaji: Nashukuru. Kumbe hata "lazima" yetu hukisia, kama katika "lazima atakuwa amelala".