Kwa nini Denis Menchov hatajwi sana?

Swali: Ndugu wanajukwaa, Mrusi huyu alishinda Vuelta a España (mbio kuu za Hispania) mwaka 2007 na Giro d'Italia (mbio kuu za Italia) mwaka 2009, lakini sioni akitajwa miongoni mwa magwiji wa mbio za baiskeli. Ni kwa sababu gani?

Jibu la 1: Ndugu yangu, ushindi wa Giro ule haupingwi. Siku ya mwisho jijini Roma, kila mmoja akikimbia peke yake dhidi ya saa, Menchov aliteleza juu ya mawe yaliyolowa mvua, akaburuzika na jezi yake ya waridi, ile ya kiongozi wa mbio, zikiwa zimebaki mita mia kadhaa tu. Fundi akaruka garini na baiskeli ya akiba, na Menchov akamshinda mpinzani wake Danilo Di Luca kwa sekunde 41 katika matokeo ya jumla.

Jibu la 2: Nakubaliana nawe, ila mwaka 2014 alifutiwa matokeo yake ya Tour de France ya 2009, 2010 na 2012 kutokana na kasoro katika pasipoti yake ya kibaiolojia, yaani rekodi ya vipimo vya damu inayotumika kugundua matumizi ya dawa zilizopigwa marufuku.

Muuliza swali: Ahsanteni. Hata hivyo, Giro hakunyang'anywa.