Miaka 54 na otokrosi: simuleta, karti, kocha au turbo?

MzeeWaKona (Nakuru)

Wakuu, salaam. Nina miaka 54. Niliingia otokrosi, zile mbio za magari kwenye kiwanja cha vumbi kushindana na saa, baada ya wanangu kumaliza shule na mfuko kupata nafasi ya kupumua. Natumia Toyota inayovuta kwa magurudumu ya mbele, haina turbo (ile pampu ya kuisukumia injini hewa ipate nguvu zaidi), kwa hiyo niko daraja la 2WD, magurudumu mawili yanayovuta, lisilo na turbo. Si wa mwisho, lakini nimekwama katikati ya orodha, na vijana wananiacha sekunde mbili tatu kila mzunguko kwenye vumbi lile lile.

Msimu ujao nimetenga shilingi laki nne za Kenya na nataka ziende kwenye jambo moja la maana, si kumwagwa huku na huku. Nimebaki na njia nne:

1. Simuleta ya nyumbani (usukani, pedeli, kiti)
2. Karti (vile vigari vidogo vya mbio) za kukodi, kila wikendi isiyo na mashindano
3. Kocha, pamoja na kifaa cha kurekodi data
4. Kuuza hili gari, niongezee hela, nichukue Subaru ya turbo

Mama watoto anapendekeza ya tano: nikae nyumbani. Nataka maoni hasa ya wazee wenzangu. Naomba kuwasilisha.

---

SubaruMkweche (Nairobi)

Heshima zako mzee. Namba nne, mjadala umefungwa. Tafuta GC8 safi, ile Subaru Impreza ya miaka ya tisini. Magurudumu manne yakivuta kwenye vumbi utajiuliza ulikuwa unafanya nini miaka yote hiyo. Mazoezi ni ya watu wenye muda, wewe una hela.

---

FundiSpana (Thika)

Mkuu Subaru, usimtumbukize mzee shimoni. Mimi ndiye nafungua hizo GC8. Zilizoko sokoni zimeshapita miaka ishirini, na gia boksi yake ya spidi tano ukiitia nguvu kupita ya kiwandani hung'oka meno. Hapo laki nne imekwisha kabla hujagusa shokapu. Tena ukivaa turbo na 4WD unahamishwa daraja, unakwenda kukutana na watu wenye magari yaliyoandaliwa kweli kweli. Katikati ya orodha ya sasa utaikumbuka.

Halafu kuna hesabu. Nguvu ya mwendo hupanda kwa mraba wa kasi. Ukifika kona na 120 badala ya 100, breki zako zina kazi ya ziada ya asilimia 44, si 20. Kama shida ya mzee iko kwenye kuingia kona, turbo itamfikisha kwenye shida hiyo hiyo mapema zaidi.

---

SubaruMkweche (Nairobi)

Fundi, wewe unaogopa kazi tu 😂

---

BintiNavigeta (Arusha)

Shikamoo mzee. Mimi ni navigeta, yule anayemsomea dereva njia kwenye rali, nimekaa kiti cha kushoto na madereva wa kila umri, na naomba niseme kitu ambacho watu hawapendi kukisikia. Karibu kila dereva aliyeanza baada ya miaka arobaini analaumu mwitikio wake: "macho yamechelewa, mikono imechelewa." Mwitikio hupungua, ndiyo, lakini ni sehemu ndogo ya sekunde. Haiwezi kueleza sekunde tatu kwenye mzunguko mmoja. Na kwenye otokrosi koni haikurukii ghafla. Njia uliikagua asubuhi.

Ninachokisikia mwilini nikiwa kiti cha pembeni ni hiki. Kijana hukanyaga breki kwa kuchelewa, kwa nguvu, kisha huiachia polepole huku anageuza usukani. Mzee huanza mapema, hukanyaga nusu nusu, huachia yote, halafu gari linatembea bure. Hakuna breki, hakuna mafuta, linasubiri kona ifike. Kipande hicho cha kusubiri, ukikijumlisha kona zote, ndizo sekunde zako. Na uoga wenyewe una akili ndani yake, mtu ana familia, ana mkopo wa nyumba. Ila hutauondoa kwa kununua gari lingine.

La pili, macho. Angalia unapotazama. Wengi hukodolea koni iliyo mbele ya boneti. Tazama unakotaka kutokea, mikono itafuata. Na kama unavaa ile miwani ya lenzi mseto, ya kusomea chini na ya mbali juu, jaribu miwani ya mbali peke yake ukiwa garini. Helmeti hukufunga shingo, unaishia kutazama njia kupitia sehemu ya kusomea. Nimeona dereva akipata nafuu kubwa kwa hilo tu.

Kuhusu umri wenyewe: Björn Waldegård, dereva wa Sweden, alishinda Safari Rally ya 1990 na Toyota Celica akiwa na miaka 46, na rekodi ile ya mshindi mkongwe zaidi wa mashindano ya dunia ya rali ilikaa mpaka Mfaransa Sébastien Loeb aliposhinda rali ya Monte Carlo 2022 akiwa na 47. Na mwaka 2011 Waldegård huyo huyo, miaka 68, alishinda Safari Classic, ile rali ya magari ya zamani, na Porsche 911, mwanawe akiwa navigeta.

---

Dereva_Tanga

Marahaba kwa niaba ya wazee, Binti 😄 Mimi niko upande wa simuleta, ila kwa masharti.

Sharti la kwanza ni pedeli ya breki. Usukani wa bei ndogo kama Logitech G29 si mbaya kwa kuanzia, lakini breki yake hupima mguu umeshuka kiasi gani. Gari halisi halifanyi hivyo. Pedeli ikishagota, kinachobaki ni nguvu ya mguu. Tafuta pedeli yenye kipimo cha nguvu. Kama hela inatosha kitu kimoja kizuri, kiwe hicho, usukani uwe wa kawaida.

Sharti la pili ni programu. Watu wa vumbi wengi bado wanatumia gemu la Richard Burns Rally, la mwaka 2004, kwa sababu jinsi gari linavyoserereka humo kuna ukweli. Ukitaka picha nzuri, EA Sports WRC ina njia za Kenya. Yale magemu ya lami tupu hayatakusaidia sana.

Faida yake: unarudia kona ile ile mpaka uchoke, hakuna tairi linaloliwa. Hasara: makalio hayapati habari. Kwenye gari mgongo hukuambia nyuma imeanza kuondoka kabla macho hayajaona. Kwenye simuleta unangoja macho. Na wengine wa rika letu hupata kichefuchefu, hasa kwa zile miwani zenye skrini ndani, za kuvaa usoni badala ya kutazama skrini ya mezani. Anza na skrini ya kawaida, vipindi vifupi.

---

Ami_Muscat

Assalaam alaykum jamaa. Mimi mtu wa Unguja, niko Muscat, nakaribia sitini. Kwangu ni karti, na sababu yangu haijatajwa hapa bado.

Karti breki iko mguu wa kushoto, mafuta mguu wa kulia. Lazima. Sasa wewe MzeeWaKona una gari la kuvuta kwa mbele, kwenye vumbi. Silaha kubwa ya gari la aina hiyo ni kugusa breki kwa mguu wa kushoto huku wa kulia haujaacha mafuta. Magurudumu ya mbele yanaendelea kuvuta, ya nyuma yanapungua uzito na kukamatwa na breki, mkia unazunguka, gari linageuka. Bila hivyo litanyooka kwenda nje kama ng'ombe aliyeona majani. Mguu wa kushoto wa mtu aliyekanyaga klachi miaka thelathini haujui kugusa, unajua kupiga teke tu. Utaufundishia wapi? Ukijaribu kwenye mashindano utajibamiza kifua kwenye mikanda. Kwenye karti unajifunza bila kufikiri.

Tena karti haina difrensha, ile gia inayoruhusu gurudumu la nje kuzunguka haraka kuliko la ndani kwenye kona. Magurudumu mawili ya nyuma yamefungwa kwenye ekseli moja, usipoifanya inyanyue la ndani haigeuki vizuri. Inakulazimisha kuwa na adabu ya usukani. Na injini zile za kukodi, Honda za nguvu za farasi sita na nusu au tisa, hazina nguvu ya kuficha makosa. Ukipoteza mwendo kwenye kona, umepoteza.

Tahadhari moja, na nasema kwa ukali: nunua kinga ya mbavu. Siyo hiari kwa watu wetu. Karti haina springi, kiti ni kigumu, ubavu uliochubuka kijana anapona wiki hii, wewe utauguza mpaka mashindano yapite. Na maji unywe kabla ya kiu, sisi huku joto limetufunza.

---

KinyoziWaLami (Leicester)

Wote mmesema kweli ila hakuna aliyegusa namba tatu. Mimi naendesha lami huku Uingereza, siku za wazi za viwanja, ambapo mtu yeyote hulipa akaendesha gari lake kwenye kiwanja cha mbio, nina miaka 49. Kocha ndiye aliyenibadilisha kuliko kifaa chochote. Nusu siku, yeye kiti cha pembeni, anasema neno moja kila kona: "subiri", "achia", "tazama". Usiku ule ule nilikaa na mchoro wa kasi, ule mstari unaoonyesha kasi ya gari kila mahali kwenye mzunguko, nikaona alichokuwa anasema.

Huhitaji mitambo ya ghali. Programu ya RaceChrono kwenye simu inatosha, ila usitegemee GPS ya simu. Nyingi hutoa nukta moja kwa sekunde, na ukiwa kasi 100 unasafiri karibu mita 28 kati ya nukta na nukta. Kona nzima inaweza kupotea hapo katikati. Kipokezi kidogo cha nje cha nukta kumi kwa sekunde kinakupa alama kila mita tatu hivi. Funga na kamera inayoonyesha mikono na miguu.

Kwenye mchoro tafuta kile alichokisema BintiNavigeta. Mstari wa kasi unashuka kwa mteremko mkali kisha unapanda, au una bonde pana la bapa katikati? Bonde bapa ndiyo ile kusubiri.

---

SubaruMkweche (Nairobi)

Hapo napinga kwa heshima. Kinyozi, wewe uko lami. Huku kwetu vumbi la juu linafagiliwa kila gari likipita, mzunguko wa asubuhi na wa mchana ni viwanja viwili tofauti. Utalinganisha nini na nini?

---

KinyoziWaLami (Leicester)

Hoja nzuri. Usilinganishe muda, linganisha umbo. Bonde bapa ni bonde bapa hata kiwanja kikibadilika. Na mwombe kijana mmoja wa daraja lako afunge kifaa hicho hicho mfuatane kwenye foleni. Hapo vumbi ni karibu moja.

---

SubaruMkweche (Nairobi)

Sawa, hiyo nakubali. Bado nasema GC8 😂 Mbona Paul Newman, yule mwigizaji wa filamu, alikuwa wa pili kwenye mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, 1979 akiwa na miaka 54, umri wa mzee wetu kabisa? Hakupewa Toyota, alipewa Porsche 935!

---

FundiSpana (Thika)

Na hela za Hollywood. Endelea.

---

MzeeWaKona (Nakuru)

Nimesoma yote, na nyingine nimemsomea mama watoto kwa sauti. BintiNavigeta, miwani yangu ni hiyo hiyo ya mseto. Kesho naenda kwa daktari wa macho.

Turbo nimeiweka kando, samahani Mkweche. Nimepanga hivi: kocha siku moja mwanzoni kabla ya kununua chochote, aniambie mguu wangu wa breki unafanya nini. Kisha karti kwa miezi ya katikati, kwa ajili ya mguu wa kushoto. Kipokezi cha GPS nanunua. Kocha arudi mwisho, tulinganishe michoro. Simuleta nitaangalia kitakachobaki. Mnaonaje kuanza na kocha? Kuna rafiki ananiambia nijizoeze kwanza ndipo nimlipe mtu.

---

BintiNavigeta (Arusha)

Kocha kwanza, mzee. Ukijizoeza peke yako miezi mitatu utakuwa umekomaza kile kile. Na ongeza kipimo cha moyo, kile cha kukimbia kwenye mashine. FIA, shirikisho la mbio za magari duniani, huwadai wenye leseni za kimataifa waliopita miaka 45. Hata kama leseni yako ya nyumbani haikidai, wewe kipime.

---

Ami_Muscat

Naam, na kinga ya mbavu usisahau. Pima kifua ukiwa umevuta pumzi, ukiwa umevaa nguo za mbio, siyo fulana.

---

MzeeWaKona (Nakuru)

Shukran ami. Kuna mwenye kuuza iliyotumika, kifua inchi 44, Nakuru au Nairobi? Na Fundi, nikuletee gari lini uangalie pedeli? Ya breki iko mbali mno kwa mguu wa kushoto.

---

FundiSpana (Thika)

Jumanne asubuhi. Njoo na viatu vyako vya kuendeshea, nitapima navyo.