MJADALA: Asiyelima hata tuta moja ana haki gani ya kumiliki maji ya mto?

Wadau, hoja hii huku kwetu haiishi. Ikianza kwenye basi la kwenda shambani, inamalizikia kwenye harusi ya mtu. Niko Mildura, kaskazini-magharibi mwa Victoria, Australia, kando ya mto Murray. Tupo wazungumzaji wa Kiswahili wa kutosha hapa, wengi Warundi waliopitia makambi ya Kigoma na Ngara, na wengi tumeshachuma zabibu au kufunga lozi kwenye maboksi. Maji yakipanda bei, msimu wa kazi unafupika. Kwa hiyo nisiambiwe hayanihusu kwa kuwa sina shamba.

Kwa ambaye hajui mambo ya huku: bonde la mito ya Murray na Darling lina zaidi ya kilomita za mraba milioni 1, karibu sehemu ya saba ya bara zima, na limegawanyika katika majimbo manne. Zamani ukinunua shamba ulikuwa umenunua na maji yake. Mageuzi yakaanza taratibu, na makubaliano ya serikali kuu na majimbo ya 2004 yakakata kamba kabisa: ardhi kivyake, maji kivyake. Sasa mtu ana hati ya maji kama mwingine alivyo na hisa za benki. Kila msimu mamlaka inaangalia kilichomo mabwawani na kutangaza mgao kwa asilimia. Mwaka wa neema unapata mgao wako wote. Mwaka wa ukame wenye hati za daraja la chini wanaweza kuambulia sifuri. Ulichopata unamwagilia, unakiweka hadi mwakani, au unakiuza kwa simu ukiwa umekaa zako Melbourne kwenye kiyoyozi.

Huyo wa Melbourne ndiye ninayemsema.

Kuuziana maji kwenyewe sikupingi. Ukame wa Milenia, ule wa kuanzia 1997 hadi 2009, ulionyesha faida yake. Mkulima wa mpunga kule Deniliquin, New South Wales, anaweza kuacha shamba mwaka mmoja, akauza mgao wake na kuishi kwa hela hiyo. Mwenye mizabibu hawezi, mzabibu ukikosa maji msimu mzima umekwisha. Mavuno ya mpunga ya 2008 yalianguka chini ya tani 20,000, wakati miaka mizuri yalivuka tani milioni 1. Yale maji yalikwenda kwenye miti ya matunda, na miti ikapona. Mkulima kwa mkulima, bei wamekubaliana, sina neno.

Lakini njooni 2019. Bei ya maji ya msimu ilipita dola 700 za Australia kwa lita milioni moja. Miaka mitatu baadaye mvua ziliponyesha ikashuka chini ya dola 100. Mwenye ekari chache za zabibu anawezaje kupanga bajeti hapo? Tena upande wa pili wako wenye mashamba makubwa ya milozi, miti inayotaka kama lita milioni 12 hadi 14 kwa hekta kila mwaka, ukame usiwe ukame. Hao watanunua kwa bei yoyote. Katikati yuko mtu asiye na jembe wala bomba, anayenunua masika na kuuza kiangazi.

Kwenye mifereji ya zamani ya Victoria na New South Wales bado utakuta gurudumu la Dethridge, kipimo cha maji kilichobuniwa 1910. Ni pipa la chuma lenye mabawa ya umbo la V, limekaa kwenye kidaraja cha zege mahali mfereji unapoingia shambani. Maji yanalisukuma, linazunguka polepole, kila mzunguko unahesabiwa. Jirani akipita analiona linazunguka, anajua fulani leo anamwagilia. Leo maji yanabadilisha mikono mara tatu kabla hayajatoka bwawani, na hakuna jirani anayejua ni ya nani.

Msimamo wangu ni huu: maji ya umwagiliaji yamilikiwe na anayemwagilia. Karibuni mnipinge.

Mchangiaji kutoka Shepparton

Nakupinga, ndugu yangu, tena kwa heshima. Kuna mzee Mwitaliano niliyefanya naye kazi, alikuwa na mipichi na deni la benki. Aliuza hati ya maji, akalipa deni, akabaki na nyumba yake. Sheria yako ingekuwepo, angeuza na nyumba. Halafu umesahau jambo: mmojawapo wa wamiliki wakubwa wa maji bondeni ni serikali kuu, inayoyashika kwa ajili ya mto wenyewe, na haina hata mche mmoja. Utaipokonya? Na tume ya ushindani ilichunguza soko hili, ripoti ikatoka 2021. Haikukuta ushahidi kwamba wawekezaji wakubwa wanapandisha bei kwa hila. Ilichokuta ni madalali wasiobanwa na sheria yoyote ya maana, na taarifa zilizotawanyika kila jimbo kivyake. Tibu hilo.

Mchangiaji kutoka Adelaide

Nyie wa juu mnagombania nani auze. Sisi tuko mkiani. Huku mdomo wa Murray umekuwa ukichimbuliwa mchanga kwa mashine ili tu mto ufike baharini. Mpango wa bonde wa 2012 ulisema lita bilioni 2,750 kwa mwaka zirudishwe mtoni. Rasimu yake ya 2010 wakulima wa Griffith waliichoma moto hadharani! Nawaelewa, maji yakiuzwa serikalini mji nao unapungua, shule inakosa watoto, fundi wa trekta anahama. Ila sheria ya Desemba 2023 imefungua tena mlango wa serikali kununua, na mimi naunga mkono. Mto ulikuwa ukidai kabla ya benki.

Mchangiaji kutoka Mbarali

Mimi nawashangaa. Huku kwetu hakuna soko la maji, kuna vibali vya Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, na Ruaha Mkuu unakatika kiangazi tangu miaka ya 1990. Mabanio ya mpunga yanakunywa, viboko wanabaki kwenye matope. Kwa hiyo msitwishe soko mzigo wote.

Mleta mada

Nashukuru. Wa Mbarali umenibana vizuri. Soko silo linalokausha mto, ni kugawa kuliko kilichomo. Lakini mto ukishagawiwa kupita kiasi, soko ndilo linaloamua nani anakauka kwanza, na siku zote ni mdogo.

Kuhusu serikali, naondoa kwenye hoja yangu maji inayoyashika kwa ajili ya mto wenyewe, hayo si ya kuuza wala kulimia. Na kwa kuwa tumefika hapo, mbona hakuna aliyewataja Wabarkindji, wazawa wa mto Darling? Darling wao wanaiita Barka, na jina lao maana yake ni watu wa Barka. Mahakama ilitambua haki yao ya ardhi 2015. Maji je? Wazawa wa bonde zima wanashika karibu asilimia 0.2 tu ya hati za maji. Mwishoni mwa 2018 na Januari 2019 samaki walikufa kwa mamia ya maelfu pale Menindee, kwenye Darling, wakiwemo wakubwa wa umri wa miongo kadhaa, na Wilcannia, mji wa juu yake mtoni, watu walikuwa wakiletewa maji ya chupa. (Vifo vya Machi 2023 vilikuwa vikubwa zaidi, ila vile vilifuata mafuriko, maji yakaishiwa oksijeni. Tusivichanganye.) Darling inaingia Murray pale Wentworth, mwendo wa nusu saa kutoka hapa nilipo.

Kwa huyo mzee wa Shepparton: sina kinyongo naye, alifanya alichoweza. Ninachouliza, maji yake aliyanunua nani, mkulima au mfuko wa uwekezaji? Na yeye mwenyewe anajua?