Nani alimwambia yule dada kwamba kwenye mafuta ghafi mtu anateleza kama kwenye barafu?!

Wakuu, leo sina salamu. Ndio naingia ndani sasa hivi, viatu sijavua, mama watoto kaenda kulala bila kunisemesha, na nisipoandika hapa nitapasuka.

Ile filamu ya ujasusi. Ile ya paka kwenye begi. Mnaijua, na jina lake silitaji ng'o.

Mimi ni fundi magari. Mwaka wa 11 huu nakanyaga oili. Halafu watu wanatumia dola milioni 200, ndizo zinazotajwa, milioni mia mbili za Kimarekani, wanamwaga mafuta ghafi sakafuni, yule dada anachomeka visu kwenye buti, anaanza kuteleza! Anazunguka! Mguu mmoja juu! Walinzi wanapukutika kama maembe mabovu, yeye anazunguka tu!

Chuma cha kwenye barafu kinakwenda kwa sababu barafu inakwaruzika, mtu anapata pa kujisukumia. Sakafu ngumu ile, ndani ya meli, kisu kitakwaruza nini? Wiki iliyopita dogo pale gereji kamwaga oili ya giaboksi, haijazi hata kikombe cha chai. Kabla hatujaimwagia maranda, akapita mteja na raba zake mpya. Miguu ilikwenda Mbagala, kichwa kikabaki Tandika. Na huyo alikuwa amevaa RABA! Hana kisu hata kimoja!

Na mjue nimeisubiri tangu mabango yalipotoka. Kwenye bango yumo yule aliyekuwa Superman, kanyolewa kichwa bapa kama meza ya kahawa. Yumo yule mwanamuziki na gauni lake la dhahabu. Yumo yule mbabe wa mieleka. Nikamwambia mke wangu vaa, leo tunakwenda kuona watu wazito. Wakuu, kipande cha Ugiriki kimepita, cha pikipiki kimepita, bisi hazijafika nusu, gauni la dhahabu halipo tena! Superman naye kumbe ni mtu wa kwenye kitabu, katungwa na yule dada wa paka, anamjia kichwani tu, ukipepesa macho hayupo. Hela nimelipa ya mtu mzima, nimeonyeshwa njozi. Saa mbili na dakika 19!

Paka mwenyewe wa kompyuta. Paka wa kompyuta ndani ya begi lenye kidirisha! Gereji ninao watatu wa bure, na wanakamata panya.

Hayo yote ningemeza. Lakini visu kwenye buti! Pale pale kwenye visu mke wangu akanigeukia, akaniuliza kwa sauti, "Baba, kwani na nyie gereji mnafanyaga hivi?" Ukumbi mzima ukasikia. Watu wakacheka. Filamu ipo mbele yao, wananicheka mimi!

Nirudishiwe hela yangu. Kuanzia ya bajaji.

Mwana wa Ufukweni: Mkuu, umekwenda kuangalia paka jasusi halafu unadai fizikia?

Binti Makini: Mleta mada hukuwa makini. Si walisema yule dada aliwahi kupata ajali akiteleza kwenye barafu? Ndio maana anajua kuteleza.

Mleta mada: BARAFU, dada yangu! Barafu! Mimi naongelea mafuta ghafi!

Kichwa Maji: Shemeji kauliza swali la maana, wewe umenuna. Jibu basi, mnafanyaga au hamfanyagi?

Mzee wa Mikanda: Nyie watoto mmeumia leo. Mimi nimeumizwa tangu 2010 na ile ya Venice. Mwanamume mwenye jina kubwa, mwanamke mwenye jina kubwa zaidi, nikajua hapa kazi ipo. Kumbe boti moja inaivuta nyingine kwa kamba, zinakwenda mwendo wa bata, ndio kufukuzana huko! Halafu nasikia imeteuliwa tuzo za Golden Globe upande wa VICHEKESHO. Nilikaa mpaka mwisho, jino halikutoka nje.

Jirani wa Mombasa: Sisi huku Kenya tunangoja DJ Afro, yule msimulizi wa filamu, aiguse. Hapo hata hayo mafuta yatanoga.

Mzee wa Mikanda: Marehemu Lufufu, yule mtafsiri wetu wa filamu, angekuwepo, yule paka angeshapewa jina la kituo cha daladala na tungeimaliza wima tukishangilia.

Mama Ubuyu: Jamani tuacheni visu. Nani kanunua bisi pale ukumbini? Pakiti elfu 12! Kwa hela hiyo napika sufuria nzima, nalisha mtaa, na chumvi inabaki.

Kichwa Maji: Bisi afadhali. Kuna mtu kaniwekea mguu begani mwanzo mpaka mwisho. Soksi imetoboka kwenye kidole gumba, nimekizoea kile kidole kuliko Superman.

Mama Ubuyu: Na soda zao nusu barafu.

Mleta mada: Wakuu, tulikuwa kwenye visu.

Kichwa Maji: Subiri mkuu, tunamaliza bisi.

Mgeni wa Jiji: Mleta mada, umesema wewe ni fundi? Gari yangu nikiiwasha asubuhi inatoa moshi wa bluu, baada ya dakika chache unakata. Fundi wangu anataka afungue injini yote.

Mleta mada: Usikubali! Moshi wa bluu inakula oili. Kama ni asubuhi tu halafu unakata, anza na sili za valvu, vile vipira vya kuzuia oili; zikichoka oili inachuruzika usiku gari ikiwa imelala. Ringi mbovu za pistoni zingetoa moshi mchana kutwa, hasa ukikanyaga mafuta kupanda mlima. Usiuziwe ringi mdogo wangu.

*Miezi minne baadaye*

Binti Makini: Samahani nafukua kaburi. Ile filamu haikufikisha hata dola milioni 100 kwenye kumbi za dunia nzima.

Mama Ubuyu: Na bisi wamepandisha tena.

Mgeni wa Jiji: Fundi, nilibadilisha sili. Moshi umekata kabisa. Gereji yenu iko wapi, nije na ya kaka yangu?