Ukimuona mtu anaiba kwa njaa, unapiga kelele au unakausha?

Wakuu habari za mihangaiko. Hii ishu tumeibishania kijiweni tangu juzi na kila mtu kabaki na lake, nikaona niilete kwenu.

Iko hivi. Dukani kwa mangi huku Mbagala, jioni watu wamejaa, dada mmoja ana mtoto mgongoni kanunua sembe nusu kilo na dagaa wa kupima, akawa anahesabu sarafu kiganjani, anahesabu tena, mara naona kopo la maziwa ya mtoto limezama ndani ya kanga. Dogo muuzaji kageuka anapima mafuta, hakuona. Mimi niliona, na yule dada akajua nimeona. Nikakausha, na sijutii.

Maana Dar tunaijua. Ukipiga yowe la "mwizi!" mtaani hujaripoti kosa, umeita mawe na tairi, hakuna anayeuliza kaiba nini wala kwa nini, kesho yake ni "wananchi wenye hasira kali" basi imeisha. Kanuni ya Adhabu yenyewe, kifungu cha 265, wizi wa kawaida kifungo chake hakizidi miaka 7. Yaani hakimu hawezi kumuua mtu kwa kopo la maziwa ila sisi tunaweza!

Kijiweni kuna waliokuja na dini. Mmoja kataja Methali 6:30, kwamba mwizi aliyeiba kwa njaa watu hawamdharau (mstari wa 31 unaosema akikamatwa alipe mara 7 kauruka, wajanja hao). Mwingine akakumbusha Sayyidna Umar alivyosimamisha adhabu ya kukata mkono mwaka wa njaa. Mimi nikaongezea ya Italia, 2016 mahakama yao ya juu ilimfutia hatia jamaa asiye na makazi aliyeiba jibini na soseji huko Genoa, vitu vya kama euro 4 tu, wakaona alichukua kidogo kwa sababu alizidiwa na njaa.

Sasa fundi cherehani wa jirani akanibana. Anasema lile duka si la yule dogo, mwenyewe anakuja Jumapili kuhesabu mzigo, ikitokea shoti anakatwa dogo, na mshahara wake unaujua. "Huruma yako kailipia mtoto wa mwenzio." Duh, hapo nilikosa pa kutokea. Na msiniambie kwenye supamaketi kubwa ni sawa kwa vile wana faida, huko nako kuna mlinzi na keshia wanaowekwa kiti moto.

Kwa hiyo msimamo wangu kwa sasa: kupiga kelele hapana, hata mnipige mawe mimi. Ila ukiamua kukausha basi ingia mfukoni umlipie, huruma ya bure si huruma. Fundi anasema huo ni utoto, nitalipia wangapi, wakishajua mtaa mzima watakuja na kanga. Sawa, lakini mimi sijasema nilipie mtaa, nimesema yule niliyemuona.

Wauza duka mliomo humu njooni mtuambie, shoti ya hivyo bosi mnamwelezaje? Na ukimdaka mwenyewe mama wa hivyo, unampeleka kwa mjumbe au mnamalizana hapo hapo kaunta?