Taa za mbele hazina nguvu hata baada ya kubadili globu

Swali: Wakuu, nimeweka globu za H4 za wati 100 kwenye Land Cruiser yangu ya zamani, lakini mwanga umeongezeka kidogo tu na swichi ya taa inapata moto. Tatizo ni globu au nyaya?

Jibu: Ndugu, ni nyaya. Globu mbili za wati 100 kwa volti 12 huvuta takriban ampea 17, ilhali swichi hiyo ilikusudiwa kubeba kama ampea 10. Funga rilei (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili kupitisha umeme mkubwa): umeme utoke kwenye betri, upitie fyuzi iliyo karibu nayo, uingie pini ya 30 na kutokea ya 87 hadi kwenye taa, huku waya wa zamani ukibaki na kazi ya kuiwasha rilei tu, kupitia pini za 85 na 86.

Jibu: Naongeza kwamba Toyota nyingi za zamani hukatiza umeme wa taa upande wa hasi badala ya chanya, kwa hiyo pima kabla ya kukata chochote. Mimi ningerudi kwenye wati 60/55 (60 taa kamili, 55 taa ya chini). Wati 100 huyeyusha soketi.

Muulizaji: Nimepima injini ikiwa imezimwa na taa zikiwaka: betri volti 12.3, soketi 10.8, yaani volti 1.5 zinapotea njiani. Naanza na rilei.