Mzee niliyetaka ahurumiwe hakuhurumiwa, akahurumiwa mwenye nyumba

Mpiga Pedeli, Ngamiani:

Habari za jioni wanajukwaa. Wakubwa shikamooni.

Nina hadithi yangu fupi, kurasa sita hivi. Mhusika mkuu ni Mzee Kombo. Zamani alikuwa kuli bandarini hapa Tanga, sasa kapanga chumba cha uani barabara ya 12. Mkewe kafariki. Kijana wake yuko Dar es Salaam, hapigi simu. Jicho moja lina mtoto wa jicho. Baiskeli kaibiwa pale Soko la Mgandini, kodi anadaiwa miezi mitatu, na masika yanaingia bati linavuja juu ya kitanda. Nimeandika kwa uchungu kweli. Kuna mahali nimesema "maskini Mzee Kombo, dunia ilikuwa imemtupa mkono".

Nikaisoma kwenye kikundi chetu cha wasomaji. Huwa tunakutana kwa jamaa mmoja Chumbageni, kahawa na kashata, kila mtu anakuja na alichoandika. Nilipomaliza nikawa nasubiri watu waguswe. Wakaanza kumzungumzia Bi Mwanaisha!

Bi Mwanaisha ni mwenye nyumba. Ana aya moja tu kwenye hadithi nzima. Anakuja kudai kodi, anamkuta Mzee Kombo anakula ugali kwa chumvi na ndimu. Anasimama mlangoni, halafu anasema amekuja kuazima mbuzi ya kukunia nazi. Mzee anampa, anaondoka nayo. Ile aya niliiweka tu ili nifike kwenye usiku wa mvua, ambao ndio niliutolea jasho.

Dada mmoja akasema, "Yule mama nimemwonea huruma mpaka basi, na kwake mbuzi anayo." Wenzake wakaitikia. Mimi sijaandika popote kama anayo au hana! Kuhusu Mzee Kombo, kaka mmoja alisema neno moja: "Amezidi."

Sasa naomba kuuliza wenye uzoefu. Hadithi fupi inamfanyaje msomaji amwonee huruma mhusika wake mkuu? Nimwongezee mzee mateso, nimpunguzie, au nibadilishe msimulizi, aongee mwenyewe kwa nafsi ya kwanza?

Fundi Redio:

Mkuu, ukimwongezea tena atakufa ukurasa wa nne na hadithi ina kurasa sita. Mpe hata redio asikilize mpira.

Bi Mkubwa wa Pangani:

Marahaba mwanangu, nakuitikia kwa niaba ya wakubwa wote humu.

Mimi nilifundisha fasihi sekondari mpaka nikastaafu. Siku hizi asubuhi nachoma maandazi, mchana nasoma. Nitajibu kwa kirefu, mwenye haraka apite.

Hebu rudia ulivyomweleza mzee wako. Kafiwa, kaibiwa, anadaiwa, anavujiwa, katupwa mkono. Vitenzi vyote ni vya kutendwa. Hakuna hata kimoja anachokitenda yeye, ukiacha kula ule ugali. Mtu hatumjui kwa yaliyompata, maana yaliyompata Mzee Kombo yamewapata wengi barabara ya 12 hiyo hiyo. Tunamjua kwa anavyofanya yakishampata. Wewe umetupa orodha ya misiba ukaiita mtu, na yule kaka aliyesema "amezidi" hakuwa na roho mbaya, alikuwa anahesabu.

Njoo kwa Bi Mwanaisha. Aya moja, lakini mle ndani kaja na nia, kaona, kaibadili nia. Tena kaibadili kwa uongo, uongo wa kistaarabu kabisa, ule wa kwetu wa kumsitiri mtu mkono wake ukiwa sahanini. Hukutuambia kama ni mwema. Hukutuambia alijisikiaje. Kaondoka na kitu asichokihitaji, na alichokifuata kakiacha. Yule dada kasema "kwake mbuzi anayo" kwa sababu mwanamke mwenye nyumba yake Ngamiani asiye na mbuzi bado hajazaliwa. Umempa msomaji siri akaifumbua mwenyewe. Mtu akishafumbua siri ya mwenzake, ameshakuwa upande wake.

Halafu nikuulize, ile mbuzi ni ya nani? Mwanamume anayekula ugali kwa chumvi hakuni nazi. Ni ya marehemu mkewe, na bado ipo mle chumbani. Hukuandika, ila nadhani kikundi chako kilisoma.

Nikupe mfano wa mbali. Chekhov, yule Mrusi, mwaka 1886 alitoa hadithi ya Iona Potapov, mzee anayeendesha gari la kukokotwa na farasi mjini Petersburg. Mwanawe kafa wiki hiyo hiyo, na Iona anatafuta mtu wa kumsikiliza. Basi, hataki kingine. Hataki pesa wala kusaidiwa, anataka kusimulia mtoto aliuguaje, alisema nini kabla hajafa, mazishi yalikwendaje. Anapakia ofisa wa jeshi, anaanza kusimulia, ofisa anafumba macho. Anapakia vijana watatu walevi, wanamtukana, wanampiga kisogoni, naye anacheka nao. Usiku kule wanakolala madereva anamgeukia kijana aliyeamka kunywa maji, kijana keshajifunika gubigubi. Mwisho anakwenda kwa farasi wake. Anamwambia pesa ya nafaka haikupatikana leo, watakula majani makavu. Kisha anamsimulia yeye. Anamwambia tuseme ungekuwa na mtoto wako, mara akafa, si ungesikitika?

Niliwahi kuwasomea hiyo kidato cha tatu, watoto wa Pangani ambao theluji hawajaiona ila kwenye friji. Hakuna aliyeuliza theluji. Waliuliza wale vijana watatu walimlipa shilingi ngapi, na walipojua ni chini ya nauli ya kawaida, darasa likachafuka.

Iona anataka kitu kimoja, kidogo, ambacho mtu yeyote angeweza kumpa bila gharama, na hapewi. Mzee Kombo anataka nini? Nimesoma maelezo yako nikarudia, sikuona. Asiyetaka kitu huwezi kumwonea huruma, utamwonea uchovu.

Kuhusu "maskini Mzee Kombo", futa. Chekhov huyo huyo mwaka 1892 alimwandikia barua mwandishi mwenzake, Lidia Avilova, akamshauri kwamba anapoandika watu wenye dhiki na anataka msomaji aguswe, yeye mwandishi ajitahidi kuwa baridi zaidi, ndipo uchungu wao utakapojitokeza. Si kwamba msimulizi akae kama jiwe. Hata kwa Iona kuna mahali anajiachia, anasema kifua cha mzee kingepasuka huzuni yake ingefunika dunia nzima. Lakini harefushi, anarudi kazini. Ukilia wewe, msomaji anakaa pembeni kukutazama unavyolia.

Nafsi ya kwanza haitakuokoa. Mzee anayesema mwenyewe "mimi nimeteseka" anachosha upesi kuliko anayesemewa. Inafaa kwa mtu anayeficha, mathalani aongelee baiskeli kurasa mbili na mkewe amtaje mara moja tu, kwa pembeni.

Fundi Redio:

Bi Mkubwa umenipa darasa la bure. Redio naiondoa.

Mtu wa Dunda:

Salaam kutoka Bagamoyo. Bi Mkubwa shikamoo, nakuheshimu ila hapa nitapinga kidogo.

Ufundi sawa. Lakini tuangalie na waliokaa kwenye hicho kikundi ni nani. Watu wa kahawa na kashata Chumbageni, nusu yao nyumba wamerithi na wana vyumba vya kupangisha. Mimi mwenyewe nimekulia nyumba hiyo, Dunda, wapangaji wanne uani, na kila mwisho wa mwezi mama alikuwa ananituma mimi mtoto nikagonge milango kwa sababu yeye anaona aibu. Kwa hiyo Bi Mwanaisha namjua, ni mama yangu. Mpangaji nilikuwa namwona mlangoni tu.

Hadithi ina mtu anakula ugali kwa chumvi, na chumba kizima kinamlilia anayemdai! Hilo halikukera mtu? Tunapenda kumhurumia mtoaji kwa sababu kila mmoja anajiona mtoaji. Asiyenacho tunamhurumia akiwa mtoto, hapo hakuna ubishi. Huyo huyo Chekhov ana Vanka, mtoto wa miaka tisa anayefundishwa ushonaji viatu Moscow, anaandika barua ya kuomba akachukuliwe, kwenye bahasha anaandika iende kwa babu kijijini, anaitumbukiza na kulala na matumaini. Nani atamkataa Vanka? Ila mpe Vanka miaka sitini, mtoto wa jicho na deni la miezi mitatu, watu wanaanza kuuliza pesa zake za bandarini alipeleka wapi.

Mpiga Pedeli, Ngamiani:

Mtu wa Dunda umegonga. Hilo swali la pesa za bandarini liliulizwa kweli, na aliyeuliza ana vyumba vitano Makorora.

Bi Mkubwa, kama anayosema yana ukweli, nifanyeje? Wasomaji siwezi kuwabadilisha.

Bi Mkubwa wa Pangani:

Marahaba mwanangu wa Dunda. Hoja yako ina uzito, na hiyo ya kutumwa kugonga milango ni hadithi nyingine kabisa, nenda ukaiandike.

Msomaji anakuja na upendeleo wake, sikatai. Lakini mwandishi wetu hakumpa Mzee Kombo silaha aliyompa Bi Mwanaisha. Ampe nayo. Chumba ni cha uani, bila shaka ukuta mmoja na jiko la mwenye nyumba. Basi kila jioni mzee anasikia nazi inakunwa upande wa pili. Siku Bi Mwanaisha anakuja kuazima mbuzi, mzee anajua kwamba anayo, anajua alichokifuata, na anajua kwa nini hakukisema. Sasa atafanya nini? Akianza kushukuru kapoteza. Akianza kueleza shida zake kamwaibisha mama wa watu. Ainuke, anawe mkono, aitoe ile mbuzi chini ya kitanda, aipanguse vumbi, amwambie, "Chuma chake kinacheza, Bi Mwanaisha, kiangalie kisikukate."

Hapo wamesitiriana wote wawili. Yule mwenye vyumba vitano Makorora hatapata nafasi ya kuuliza pesa za bandarini, maana atakuwa anamtazama mzee anayejua kuliko alivyodhani.

Na mbuzi irudi. Usiiache kwake ikapotea. Nani anairudisha, lini, na chuma kimekazwa au hakikukazwa, hayo ni kurasa zako mbili za mwisho.

Mpiga Pedeli, Ngamiani:

Mungu akuweke Bi Mkubwa. Nimekaa nayo tangu magharibi. "Maskini" nimefuta, kumbe zilikuwa sehemu nyingi. Usiku wa mvua unaniuma kuutoa, niliuandika vizuri. Na ile sehemu ya mwizi wa baiskeli je, niiache?

Mtu wa Dunda:

Mvua weka mistari miwili. Bati likivuja mtu anasogeza kitanda, tuone anavyokisogeza na jicho moja.

Bi Mkubwa wa Pangani:

Dunda kasema sawa kuhusu mvua.

Baiskeli iache, ila isiibwe. Aiuze mwenyewe hapo hapo Mgandini, na utuonyeshe anavyopatana bei. Mnunuzi atamuuliza kwa nini anaiuza, na ajibu chochote ila kodi.